Shajara ya mradi: kompyuta ya baba na mama, na mtihani wa simu

Siku ya 1

Kompyuta ya wazazi imeanza kujizima. Inawaka, inakoroma, inafungua nusu ya barua pepe ya mama, kisha giza. Baba ameshaipatia dawa: anabonyeza kitufe cha kuwashia, anakishikilia mpaka mashine inyamaze, anahesabu hadi kumi, anaanza upya. Mara tatu kwa siku, kama vidonge.

Nilikuja na SSD moja mfukoni, diski ya kisasa isiyozunguka, nikiamini nitabadilisha diski na kuondoka kabla jua halijazama. Lakini kabla ya kugusa skrubu yoyote nikakaa nyuma ya viti vyao mchana mzima na daftari, bila kusema neno. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda kuliko ufundi wowote.

Daftari linasema hivi. Baba anabofya mara mbili kila kitu, hata viungo vya intaneti ambavyo hutaka mbofyo mmoja, hivyo kila habari anayoisoma inafunguka mara mbili na yeye haoni tatizo. Anasoma akiwa ameinama mbele, pua karibu na kioo. Mama ana folda inayoitwa "Mpya", nyingine "Mpya kabisa", na ndani yake "Mpya kabisa 2". Nilitaka kucheka, ila nilipomwomba barua ya miaka minne iliyopita aliipata kabla sijamaliza sentensi. Anaandika mihtasari ya vikao vya kikundi chake, anaichapa, anaisaini, anaipiga picha. Jioni wanaongea na wajukuu kwa video. Hakuna michezo, hakuna kuhariri filamu, hakuna lolote litakalohitaji mashine yenye misuli.

Kisha nikafungua kasha. Chini ya vumbi kulikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, na diski ngumu inayogonga kama mtu anayesubiri mlangoni. Mfumo ni Windows 10, ambao Microsoft ilifunga muda wake wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitambui prosesa hiyo: inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hilo peke yake lisingenitisha, kwani Linux, mfumo mwingine usiolipiwa, ingekaa humo vizuri tu, na SSD ingeifufua mashine kwa kweli. Kilichomaliza mjadala ni kapasita mbili, vikopo vidogo vya kutunza chaji, kwenye ubao mama, yaani bodi kuu: zimevimba vichwa, moja imeanza kutokwa na maji ya kahawia. Hapo ndipo kujizima kunakotoka. Ningeweza kuzibandua na kuchomelea mpya, lakini zilizobaki ni za umri uleule.

Siku ya 2

Naishi mbali nao. Kwenda kwao ni safari ya kupangwa, si ya kuchomoka tu. Kwa hiyo leo nimeandika swali moja juu ya ukurasa, na kila kifaa kitapita mbele yake: kikiharibika, je, naweza kumweleza mama kwa simu cha kufanya?

Nauita mtihani wa simu. Kibodi isiyo na waya imeanguka mara moja, maana siku betri zikiisha nitaambiwa "kompyuta imekufa". Kibodi na mausi vitakuwa vya waya. Intaneti itapita kwenye kebo, si kwa Wi-Fi. Ruta iko chumba cha pili, na kebo ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, nami nahitaji mita 15. Kebo haina nywila, haisahau mtandao, haichagui ukuta wa kupita.

Siku ya 4

Nimezipima njia tatu.

Ya kwanza ni kompyuta ya ofisi iliyotumika na kurekebishwa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na mtu akiniuliza kwa haraka ndiyo ningemshauri anunue. Shida yake iko kwenye yale makasha membamba: mara nyingi pawa saplai ina umbo lake, na plagi inayoingia kwenye ubao mama si ile ya kawaida ya pini 24. Ikifa, humwambii fundi wa jirani alete yoyote. Unaanza kusaka ya modeli hiyohiyo.

Ya pili ni kisanduku kidogo chenye prosesa ya Intel N100. Kina viini vinne, yaani sehemu nne za kufanyia hesabu, prosesa yenyewe imekadiriwa kwa wati 6 tu, na hakipigi kelele. Kinasukuma video za kisasa za AV1 kwa chipu yake yenyewe, jambo ambalo hata prosesa niliyoichagua mwishoni haiwezi. Nilikitamani. Ila baadhi ya visanduku hivyo RAM yake imechomelewa moja kwa moja, na kikifa, kimekufa chote.

Ya tatu ni kuunga mwenyewe kwa vipande vya kawaida. Nimeichagua hii, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa shajara haijibu: theluthi moja ya sababu ni kwamba nilitaka kuunga kompyuta.

Siku ya 5

Pesa nimezigawa mafungu 100, nisijidanganye kwa kutazama kitu kimoja kimoja.

Mgawo wa kwanza niliuandika usiku, na usiku mtu hujinunulia mwenyewe. Prosesa ilikuwa Ryzen 5 5600G, viini sita, ikala mafungu karibu 30. Skrini ikabaki ileile ya zamani. Asubuhi nikalisoma tena daftari: "ameinama mbele, pua karibu na kioo". Viini viwili vya ziada havitamnyoosha baba mgongo.

Mgawo wa pili: skrini mpya 26, prosesa 15, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) 15, pawa saplai 13, ubao mama 12, RAM 11, kasha 8. Diski ni ile SSD iliyokuwa mfukoni. Ni ya SATA, mwisho wake karibu MB 550 kwa sekunde, wakati zile za NVMe hufika 3,500 na kupita. Kwa mtu anayefungua barua pepe na muhtasari wa kurasa tatu, tofauti hiyo ni ya kusimuliwa, si ya kuonekana. Kinachoonekana ni kuachana na diski inayozunguka, ambayo hata ikiwa nzima hupoteza milisekunde kadhaa kila inapotafuta kipande cha data.

Prosesa imeshuka hadi Ryzen 3 3200G iliyotumika: viini vinne, wati 65, na michoro imo ndani yake, kwa hiyo hakuna kadi ya picha ya kununua wala feni yake ya kujaa vumbi. Ni ya mwaka 2019, na imo kwenye orodha ya Windows 11, kama siku moja tutaihitaji. Ubao mama ni wa B450, nao umetumika. RAM ni vijiti viwili vya GB 8. Ningeweza kuweka kimoja cha 16, lakini michoro ya ndani hula kwenye RAM hiyohiyo, na vijiti viwili huipa njia mbili za kupitia.

Pawa saplai ni mpya. Vitu vingine nitanunua vilivyotumika bila kusitasita, hiki hapana. Wati 450, yenye alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi. Mashine haitafika hata robo ya hizo, lakini chini ya hapo nilichokiona ni maboksi mepesi yenye stika kubwa.

Siku ya 6

Leo ni skrini tu, kwa sababu nilikaribia kukosea.

Nilikuwa nimeshaamua inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080, ile ambayo kila mtu hupendekeza. Kisha nikapiga hesabu. Skrini yao ya zamani ni inchi 18.5 yenye nukta 1366 kwa 768, yaani karibu nukta 85 katika kila inchi. Ile ya inchi 24 ina karibu 92. Maana yake ni kwamba herufi ileile, mfumo ukiwa na vipimo vilevile, ingetoka ndogo kuliko waliyoizoea. Ningewapelekea kioo kipana chenye maandishi madogo, na baba, kwa adabu yake, angesema ni nzuri sana kisha angerudi kuinama.

Inchi 27 yenye nukta zilezile inashuka hadi karibu 82 kwa inchi. Wapenzi wa michezo huidharau skrini ya namna hiyo kwa sababu ukikaa karibu unaziona nukta. Kwa macho ya miaka sabini na kitu, nukta hazionekani, herufi ndizo zinazoonekana. Najua mfumo unaweza kukuza maandishi kwa asilimia 125, na huenda nikafanya hivyo pia, lakini napenda ukubwa unaotoka kwenye kioo chenyewe. Hakuna sasisho litakaloupunguza.

Ina spika ndani. Waya mmoja umepungua.

Siku ya 10

Vipande vyote vimefika na niko kwa wazazi. Nimemwomba baba anishikie tochi. Miaka yake ya kazi alizoea kufungua redio na pasi za watu, na bado anaishika bisibisi kama mtu anayeshika kalamu.

Nikamwonyesha prosesa upande wa chini.

"Pini ngapi hizo?"

"Elfu moja mia tatu thelathini na moja."

"Na ikipinda moja?"

"Tunalia, baba."

Inaingia yenyewe kwa uzito wake ukilinganisha pembetatu ndogo za pembeni. Ukiona unasukuma, umekosea. Kipoza joto kilichokuja nayo hufungwa kwa skrubu nne zinazoshika bamba la chuma lililo nyuma ya ubao. Kitu ambacho mtu hakumbuki mpaka limtokee: ukitoa vishikizo viwili vya plastiki vya juu, lile bamba la nyuma halina tena kinacholishika, linaanguka. Baba akaweka tochi mdomoni, akalishika kwa vidole viwili mpaka nikamaliza. Skrubu nilizikaza kwa kukatisha, moja hapa na moja pembe ya mbali, kidogo kidogo. RAM zikakaa kwenye tundu la pili na la nne kutoka kwa prosesa.

Nilipokwisha kufunga ubao ndani ya kasha kwa skrubu zote tisa, nikaona juu ya meza kibati cha matundu ya nyuma, kile kinachotakiwa kuingia kabla ya ubao.

"Hicho nilikiona," baba akasema. "Nikadhani unakiacha kwa makusudi."

Skrubu tisa nje, skrubu tisa ndani.

Mwisho ni vile vijiwaya vya mbele ya kasha, ambavyo huwafanya watu wazima wavae miwani. Nilimweleza baba: vya kitufe cha kuwashia na cha kuanzisha upya havina mbele wala nyuma, vyovyote uchomekavyo vinafanya kazi. Vya taa vina chanya na hasi, ukivigeuza taa haiwaki, basi. Akavisoma kimoja kimoja kwa sauti.

Saa mbili usiku tukawasha. Feni zikazunguka. Taa ikawaka. Skrini: hakuna kitu.

Siku ya 11

Hakuna kitu bado. Nimejaribu kijiti kimoja cha RAM, kisha kingine, kila kimoja kwenye kila tundu. Nimebadilisha kebo ya HDMI. Nimeng'oa kila kisicho cha lazima. Nimezima, nikachomoa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikatoa betri ile ya duara ya CR2032, nikasubiri, nikairudisha ili BIOS, programu ndogo ya ubao inayoiamsha mashine, isahau kila kitu. Baba alikuwa na swali kwa kila hatua, na kujibu kulinisaidia kutochoka.

Saa tano asubuhi ndipo nikasoma stika ndogo iliyo pembeni mwa ubao: toleo la BIOS la 2018. Bodi za B450 zilitoka mwaka huo. Ryzen 3 3200G ilitoka 2019. Ubao haujawahi kukutana na prosesa hii. Haijaharibika, haijulikani tu. Aliyeniuzia aliniandikia kuwa BIOS "imeshasasishwa". Imesasishwa lini, sijui, labda moyoni mwake.

Bodi nyingine zina kitufe cha kusasishia BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Hii haina. Inahitajika prosesa ya zamani inayoifahamu, ya kuazima.

Mama aliuliza kama nimeiharibu. Nikasema hapana. Akasema haya, kwa sauti ile.

Siku ya 14

Rafiki ameniazima Ryzen 3 2200G ya mwaka 2018. Kung'oa kipoza joto kulinipa hofu kuliko yote, kwa kuwa kwenye soketi hii pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa ikishika sana, prosesa hutoka pamoja nacho na pini zake zikiwa hewani. Nikaiwasha mashine dakika kumi ipate vuguvugu, nikazima, nikakizungusha taratibu kushoto na kulia badala ya kukivuta. Kikaachia.

Ikawaka mara ya kwanza. Faili la BIOS lilikuwa kwenye flashi ya FAT32. Hapa ndipo fungu la UPS lilipolipa kabla hata ya kukabidhiwa: umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, ubao unaweza kubaki bati tu. Dakika nne za kutopumua. Kisha kufuta pesti, kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele, kurudisha 3200G, baba akashika bamba bila kuambiwa.

Picha ikaja. Mama akatoka chumbani, akaangalia maandishi meupe ya BIOS, akasema, "Mbona haina rangi?"

Jambo dogo la kuweka sawa: RAM imeandikwa 3200 lakini ilikuwa inakwenda 2400, kwa sababu ubao huanza kwa tahadhari. Nimeiweka 2933, ambao ndio mwendo rasmi wa prosesa hii. Memtest86+, programu ya kupima RAM, imezunguka usiku kucha bila kosa.

Siku ya 15

Mfumo: Linux Mint 22, sura ya Cinnamon. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, kama walivyozoea. Itapata masasisho hadi 2029 na hailipiwi leseni. Nilifikiria Windows 11 kwa siku mbili. Kilichoamua ni daftari: kivinjari, barua pepe, kuandika, kuchapa. Printa ilijulikana yenyewe kupitia mtandao, bila draiva hata moja. Sikutegemea, nami siandiki hapa kama ushindi wangu.

Baba bado anabofya mara mbili. Nimeacha hivyohivyo.

Siku ya 17

Diski ya zamani. Niliisoma SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea, kabla ya kunakili: sekta zilizohamishwa zipo, na zinazosubiri kuhamishwa nazo zipo, na idadi ilikuwa inapanda huku naiangalia. Diski ya namna hiyo haifunguliwi folda moja moja na kuburutiwa mausi. Nikatumia ddrescue, ambayo hunakili kwanza yale yanayosomeka kirahisi, kisha hurudi kwenye sehemu sugu, na hukumbuka ilipofika ikikatizwa. Ilichukua saa tisa.

Karibu kila kitu kimepona. Picha kumi na moja zimetoka na nusu ya chini ya kijivu. Niliogopa kumwonyesha mama, nikamwonyesha. Akazipitia zote kumi na moja polepole. Kwenye moja akasimama: bibi yangu, mama yake, ameketi, na kijivu kinaanzia mabegani.

"Uso umebaki," akasema, akaendelea na ya pili.

Nimenunua diski ya nje. Haikuwamo kwenye mafungu 100, na sijali. Kila jioni faili zao zinajinakili huko. Timeshift nayo inapiga picha ya mfumo wenyewe, ila mtu asiitegemee kwa nyaraka: kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi faili za mtumiaji. Ni kwa ajili ya siku ambayo sasisho litavunja kitu.

Siku ya 18

Mama amefungua barua yake rasmi ya kikundi kwenye LibreOffice na saini imerukia ukurasa wa pili. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama fundi cherehani aliyepunguza gauni bila kuulizwa.

Barua iliandikwa kwa Calibri. Mfumo haukuwa nayo, ukaweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, mistari ikasogea. Ipo fonti huru inayoitwa Carlito, ambayo upana wa kila herufi yake umelinganishwa na wa Calibri, kama zile za Liberation zilivyolinganishwa na Times New Roman na Arial. Nikaiweka, nikafungua barua tena. Saini ikarudi mahali pake. Kazi ya dakika mbili, na naamini ndiyo iliyoamua kama mama ataipokea mashine hii au la.

Siku ya 20

Kukabidhi.

Kila waya nimeuwekea lebo yenye namba ncha zote mbili, na namba hiyohiyo ikabandikwa pembeni mwa tundu lake. Umeme wa kasha ni 1, wa skrini 2, HDMI 3, kuendelea hadi waya wa UPS, ambao ni 9. Jedwali lake limebandikwa ubavuni mwa kasha kwa herufi kubwa, nakala ninayo mimi. "Mama, chomoa namba 6, hesabu hadi kumi, rudisha." Hakuna atakayeniambia tena kuhusu "kale kawaya keusi".

UPS ni ya VA 650, ndani yake kuna betri ya risasi ya volti 12. Nimepima kwenye soketi: mashine na skrini pamoja ni wati 48 zikiwa zimetulia, 70 hivi kwenye simu ya video. Nilichomoa umeme kwa makusudi wakiwa wanaongea na wajukuu. Ilihimili zaidi ya dakika ishirini. Waya namba 9 unaiambia kompyuta kuwa betri inakwisha, nayo inajizima kwa ustaarabu. Betri hizi huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo nimeandika tarehe ya leo juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Nimeweka RustDesk ili niweze kuiona skrini yao nikiwa kwangu. Hapa tulikaa muda mrefu kuliko kwenye jambo lingine lolote, maana mlango ninaouingilia mimi ndio matapeli wanaoutafuta: wanapiga simu, wanajifanya mafundi wa kampuni kubwa, wanasema kompyuta ina kirusi, wanaomba namba ya kuingilia. Tumekubaliana mambo mawili. Hakuna anayeingia kabla sijapiga simu ya kawaida kwanza. Na kuna neno moja la kuulizana, alilolichagua mama, la kitu kilichotokea nikiwa mdogo ambacho hakuna tapeli angekibuni. Baba alipendekeza lingine, la heshima zaidi. Mama akakataa.

Kuanzia kubonyeza kitufe hadi kuona eneokazi: sekunde 22. Baba alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kufanya jambo lingine, kama alivyozoea. Akarudi kuketi.

Siku ya 27

Simu za wiki ya kwanza. Ya kwanza: sauti haitoki; ilikuwa imezimwa kwenye skrini yenyewe. Ya pili: printa inasema karatasi hakuna, na kweli karatasi hazikuwamo. Ya tatu: mama anataka folda ya "Mpya kabisa 2" iwe juu ya eneokazi, tumefanya pamoja, mimi nikiangalia, mausi mkononi mwake. Ya nne: kivinjari kinaomba kutuma arifa, amebonyeza ndiyo kwenye tovuti tatu na sasa vijidirisha vinamrukia. Hiyo ni juu yangu. Nilipaswa kuzuia maombi ya arifa yote tangu mwanzo. Nimezuia.

Mtihani wa simu: nne kati ya nne, ya nne kwa msaada.

Siku ya 41

Wiki mbili kimya. Leo baba amepiga, jambo la nadra. Huwa anasubiri mama amalize kisha anasalimia.

"Ile taa ya buluu ya mbele," akasema. "Mashine ikilala, taa inapepesa. Nami nikijinyoosha pale kwenye kochi inanipepesea machoni."

Nikaanza kufikiria: mpangilio wa BIOS, kumweleza mama namna ya kuingia humo kwa simu, au labda kipande cha utepe mweusi.

"Mwambie mama achukue utepe," nikaanza.

"Nimeshaichomoa."

"Umechomoa nini, baba?"

"Taa. Ile ya waya mbili, imeandikwa PLED. Nilizima UPS, nikachomoa namba 1, nikabonyeza kitufe chaji iishe, ndipo nikafungua. Ile ya kitufe sikuigusa. Nimezikunja na kuzifunga utepe zisigusane na kitu."

Nikauliza kama inawaka sawasawa. Akasema anaisoma habari hapo alipo, hajainama. Kisha akasema amebandika lebo kwenye ule waya, ila hakujua aandike namba gani, kwa kuwa zangu zinaishia 9.

Nimelifungua jedwali na kuongeza mstari: 10, taa ya kasha, imechomolewa na baba.